Pikipiki Inazima: Uliza Kwanza Inazima Lini

Pikipiki ikianza kuzimazima, mkono wa kwanza huenda kwenye kabureta. Inafunguliwa, inaoshwa, skrubu zinazungushwa, inarudishwa. Kesho yake inazima vilevile, na sasa hata mpangilio wa mwanzo umepotea. Huwa inaniuma, maana injini ilishaonyesha ugonjwa wake kabla bisibisi haijaguswa. Ilionyesha kwa wakati inaochagua kuzima.

Nazungumzia injini ndogo za mipigo minne zenye kabureta, za ujazo wa sisi (cc) 100 hadi 150.

Kuna ile inayokwenda vizuri, halafu inalegea na kuzima kana kwamba petroli imekwisha, na tenki limejaa. Fungua kifuniko cha tenki papo hapo. Ukisikia hewa ikifyonzwa kuingia, na injini ikawaka tena, kitundu cha kupumulia cha kifuniko kimeziba: hewa isipoingia, petroli haishuki. Kipulize na hewa ya kompresa. Kama si hicho, chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki. Kwa koki ya kawaida ya mkono, petroli itiririke mfululizo. Ikidondoka matone, angalia chujio.

Nyingine haikai bila choki. Ukiirudisha choki au ukiachia mkono wa mafuta, inazima. Hapo ndipo kabureta inahusika, hasa jeti ndogo ya mwendo wa chini, yaani kipande chenye tundu la kupimia petroli. Tundu lake mara nyingi halifiki hata nusu milimita, na petroli iliyolala huacha gamba la kahawia linalotosha kuliziba. Ielekeze kwenye mwanga: uone duara safi, si nukta yenye kingo zilizochakaa. Tumia dawa ya kabureta na hewa, usichokoe kwa waya wa chuma, kwa sababu ukilipanua tundu umeharibu kipimo chake moja kwa moja. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ifunge taratibu mpaka iguse mwisho ukihesabu mizunguko, uandike, ndipo uitoe. Nyingi huwa kati ya mizunguko 1.5 na 2.5. Mwendo wa injini bila kuvuta mkono wa mafuta, ikiwa imepata joto, kwa kawaida ni kama mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika.

Jeti safi na bado inadai choki? Tazama mpira unaounganisha kabureta na injini. Nyunyizia maji kidogo pembeni yake injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, umepasuka na unaingiza hewa.

Inayosumbua vichwa zaidi ni ile inayozima ikipata moto na kuwaka ikipoa. Ipime wakati huohuo imezima, isipoe. Chomoa plagi, ivalishe kofia yake, gusisha uzi wake kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la plagi kwa sababu mvuke wa petroli hutoka hapo, kisha piga kiki. Cheche iwe ya buluu na yenye nguvu. Ikiwa haipo kwenye joto na inarudi kwenye ubaridi, shuku koili ya plagi, koili ya pikapu (inayotoa ishara ya wakati wa cheche) au sidiai (CDI, kiboksi kinachoamuru cheche).

Cheche ikiwepo, nenda kwenye tapeti, yaani skrubu za kurekebisha nafasi kati ya vali na roka, mkono unaoisukuma. Wengi hukaza tapeti ili kuua mlio wa tiktiki, na hapo ndipo madhara yanapoanza. Vali ya moshi ikipata joto hurefuka. Isipokuwa na nafasi, haikai sawasawa kwenye kiti chake, kompresheni inavuja, injini inakosa nguvu ya kukaa kwenye mwendo wa chini, na mwishowe vali inaungua. Pima injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T ya magneti ikiwa imelingana na alama ya kava, na roka zote mbili zikicheza. Zisipocheza, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Nafasi kwa nyingi ni 0.05 hadi 0.10 mm, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli. Fila geji, yaani kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo tu.

Ikizima ghafla kwenye kona au shimo, usihangaike na injini yenyewe, shuku nyaya. Injini ikiwa inanguruma, geuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Ikikatika, fuata nyaya za shingoni kwa vidole: shaba hukatikia ndani ya ganda lililo zima kwa nje, na pale ilipokatika waya hujikunja kwa ulaini kuliko kwingine.