Nilivyomgombeza fundi wa tanki bure

Juzi nimeumbuka, na kwa vile mtaa mzima ushajua bora niandike mwenyewe.

Huku kwetu Nala maji ni ya kuviziana nayo, kwa hiyo nikajichanga nikatafuta fundi, mzee mmoja wa Kigogo, tukakubaliana anijengee tanki la chini la tofali, urefu mita mbili na nusu, upana mbili, kina mbili. Katikati ya kazi nikapata msiba Kondoa, nikakaa huko siku kumi, narudi nakuta kazi imeisha, niru imepigwa safi na mama watoto kashaita boza limemwaga maji mpaka juu. Asubuhi nafunua mfuniko, maji yametulia unaona mpaka sakafu, nikachuchumaa pembeni nikachungulia. Ee bwana! Kwa macho yangu mita moja na nusu haifiki. Yani nimelipia tanki afu nimechimbiwa bafu?

Nikampigia simu, salamu yenyewe nikaijibu kwa mkato. Kaja taratibu na baiskeli yake, "Mbukwa mwanangu." Nikamwambia mzee wangu hapa umenipiga. Wala hakubisha, kaomba kamba na jiwe, kafunga, kashusha mpaka kamba ikalegea, kaibana kwa vidole pale maji yanapoishia, kaitoa kailaza chini kasema lete tepu yako. Mita mbili kamili. Na mama watoto kamalizia, "si lita 10,000 zimeingia zote, ungepiga hesabu tu," mbili na nusu mara mbili mara mbili, mita kumi za ujazo, ndio hizo hizo lita 10,000. Nikatafuta pa kuficha uso.

Kumbe ni ile rifrakisheni tuliyokariri sekondari ili tufaulu. Mwanga hewani unaenda kama kilomita 300,000 kwa sekunde, kwenye maji unapungua mpaka kama 225,000. Sasa mwanga unaotoka sakafuni kwa mshazari ukifika juu ya maji unabadilisha spidi ghafla na hapo unapinda. Fikiria mkokoteni wa punda unatoka mchangani unaingia lami kimshazari, tairi lililotangulia kugusa lami linakimbia, la pili bado linazama mchangani, mkokoteni wote unageuka. Ukiingia lami moja kwa moja haugeuki. Ndio hivyo hivyo mwanga, ukitoka majini unazidi kulala upande. Na jicho halijui kama mwanga umepinda, lenyewe linaamini umekuja mstari mnyoofu, kwa hiyo sakafu linaiweka juu kuliko ilipo.

Kwa maji unagawa kina kwa 1.33 (ndio hiyo 300,000 gawa kwa 225,000), mita mbili inaonekana moja na nusu, na hapo ni ukiangalia kwa juu kabisa. Mimi nilichuchumaa pembeni, na ukiangalia kwa pembeni ndio kina kinazidi kupungua, ndio maana hata hiyo moja na nusu niliona haifiki. Na sio mwanga wote unatoka, ukijaribu kutoka majini kwa mshazari mkali, ukivuka nyuzi 49 hivi kutoka wima, hautoki kabisa, unarudi chini kama umegonga kioo.

Watu wamehangaika na hii kitu muda mrefu sana, Ptolemy kule Alexandria alishapima hizo pembe karne ya 2, Ibn Sahl wa Baghdad akaipata kanuni yenyewe mwaka 984, afu sisi darasani tukaambiwa ni ya Snell, Mholanzi wa 1621. Sijui kwa nini Ibn Sahl hatajwi, ila angalau wangenionyesha kwa bakuli. Jaribu nyumbani, weka shilingi mia mbili kwenye bakuli, rudi nyuma mpaka ukingo uifiche, afu mtu amimine maji polepole, sarafu inapanda yenyewe unaiona.

Yule mzee hana habari na Snell. Kaniambia ujanani alikuwa anachoma samaki kwa mkuki kule Ruaha, na ukimlenga perege pale unapomuona unamkosa kila siku, unalenga chini yake.

Salio lake nimemlipa palepale na ya soda juu. Mfuniko nimeupiga kufuli, maana nina watoto wawili na wa mwisho hajafika hata mita moja, na yeye akichungulia atayaona maji mafupi kama nilivyoyaona mimi.