Mistari 14 kwenye friji

Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka 4 alipotangaza kwamba hali tena kitu cha kijani. Hakulia wala hakurusha kijiko. Alisimama juu ya kiti, akatutazama mmoja mmoja, akasema: "Kuanzia leo, kijani hapana." Dada yake, mwenye miaka 8, akamuuliza kama katazo hilo linagusa na peremende za kijani. Akafikiri kidogo. "Peremende si kijani. Peremende ni peremende."

Tulicheka sana siku hiyo, ila katazo lilidumu. Njegere zilichambuliwa moja moja, zikapangwa ukingoni mwa sahani kama shanga. Jani la giligilani likielea tu kwenye mchuzi, mtu ameshashuka mezani. Nyumbani kwetu mpishi wa jioni ni mimi, maana mama watoto hutoka kazini usiku, na kwa miezi kadhaa kila mlo ulikuwa wa kubembelezana: kijiko kimoja tu, cha baba; kingine cha bibi; viwili vya mwisho ndipo upate tunda. Chakula kinapoa, dada mtu amemaliza na anaomba kuondoka, na mimi bado nimeshika kijiko hewani.

Nikaamua kuficha. Nilichemsha spinachi, nikaisaga kwenye blenda mpaka ikawa laini kabisa, nikaichanganya na mchuzi wa nyanya na nyama ya kusaga, nikaumwagia juu ya tambi. Jioni tatu mfululizo mtoto alikula akaomba nyongeza. Jioni ya nne blenda ilikosa jani moja, dogo kama ukucha. Alilinyanyua kwa vidole viwili, akalielekeza kwenye taa, akalikagua.

"Baba, hiki ni nini?"

Njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia ukweli kwamba ni spinachi, na kwamba ilikuwamo jana, na juzi pia.

Kuanzia hapo kila kitu kilikaguliwa. Mkate ulifunuliwa ndani. Ndizi ilinuswa kabla ya kumenywa na baada ya kumenywa. Maziwa yalikorogwa ili aone chini kuna nini. Dada yake akawaambia rafiki zake kwamba mdogo wake amekuwa polisi wa chakula, na kweli alikuwa na sura ya kipolisi. Lakini mimi jambo lile liliniuma. Mtoto aliyekuwa hataki majani tu sasa alikuwa hamwamini anayempikia. Kusaga mboga ndani ya mchuzi si kosa, na hadi leo nafanya hivyo kwa sababu mchuzi unakuwa mtamu. Tofauti ni kwamba siku hizi anayebonyeza kitufe cha blenda ni yeye.

Nilimpigia simu mama yangu, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa baba, huyo mtoto umempa kazi gani hapo jikoni?"

"Mama, ana miaka 4. Hana kazi."

"Basi ndiyo maana amejipa kazi ya kukataa."

Jumamosi iliyofuata nikampa kazi. Nilichagua Jumamosi kwa makusudi, kwa sababu kupika na mtoto mdogo huchukua mara mbili ya muda wa kawaida, na jioni ya siku ya kazi, watu wakiwa na njaa, si wakati wa kufundishana. Nilitafuta kigoda kipana kisichoyumba, nikakiweka upande wa beseni, mbali na jiko. Mpini wa kikaango ukageuzwa kuelekea ukutani. Visu vikali vikapanda juu. Akapewa kisu cha kupakia siagi na ndizi za kukata vipande, akakata huku ulimi umetoka nje kwa umakini. Akapewa maharage achambue mawe. Jiwe moja alilolipata alilitia mfukoni, akalala nalo.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni mayai. Yai la kwanza alilikumbatia, likamvunjikia kifuani. La pili likaingia bakulini na nusu ya ganda. Nikamfundisha mambo mawili ambayo yangenisaidia mimi mwenyewe zamani: kila yai livunjwe kwenye bakuli dogo la peke yake kabla ya kuunganishwa na mengine, na kipande cha ganda kikidondoka, kichote kwa nusu ya ganda lililobaki, si kwa kidole, maana kidole hukisukuma nacho hukimbia. Kisha mikono kwa sabuni, kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Aliosha mpaka kwenye viwiko. Halafu akachungulia bakuli akauliza kifaranga yuko wapi. Nikajiandaa kueleza kwamba mayai mengi ya kununua hayajarutubishwa, lakini dada yake alinitangulia: "Huyu kuku hakuolewa." Akaridhika.

Cheo chake kikubwa kilikuja wiki ya pili: mwonjaji. Nilikuwa nachota mchuzi kwa upawa, namimina kijiko kimoja kwenye kikombe chake kidogo, tunapuliza pamoja, anaonja, anatoa hukumu. Nilimwekea sharti moja tu. Neno "sitaki" na neno "mbaya" mwonjaji hana. Aseme anachokisikia mdomoni. Na kwa kuwa kazi yenyewe ilihusu chumvi, nilimwambia na kiasi: mwongozo wa afya wa Uingereza kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6 ni chumvi isiyozidi gramu 3 kwa siku, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate na vyakula vingine vilivyokwisha tengenezwa. Kwa hiyo akisema mchuzi "umelala", kwanza tunajaribu kukamulia limao, au kuongeza kitunguu saumu. Mara nyingi mchuzi unaamka bila chumvi kuguswa.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo miezi ya kubembeleza haikunifundisha. Siku moja spinachi ilikuwa kwenye sufuria, na kwa kuwa alikuwa kazini, akaonja. Alifumba macho. "Baba, meno yanapiga kelele."

Nikaonja tena mimi, polepole, nikiwa namsikiliza yeye. Alikuwa sahihi kabisa. Spinachi ina asidi ya oksaliki, na hiyo ndiyo inayoacha ule ukavu wa kukwaruza juu ya meno, kana kwamba yamepakwa chokaa. Mtu mzima amezoea, hasikii tena. Mtoto wa miaka 4 anaisikia, ila hana jina lake, basi anasema sitaki. Na uchungu wa majani ni kitu kingine tena: watoto wengi huuhisi kwa ukali kuliko sisi, na kati ya miaka 2 na 6 hivi huwa na woga wa vyakula wasivyovizoea. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba woga huo uliwalinda watoto wanaoanza kuzurura wasile mimea yenye sumu, kwa kuwa sumu nyingi za mimea ni chungu. Nilipoelewa hivyo hasira yangu iliisha. Nilikuwa nagombana na ulimi unaofanya kazi yake.

Tukaanza majaribio. Asidi ile huyeyuka kwenye maji, hivyo tulichemsha majani dakika mbili kwenye maji mengi, tukayamwaga maji na kuyakamua majani, ndipo tukayakaanga kwenye mafuta kidogo na kitunguu saumu. Najua sehemu ya vitamini C huenda na maji. Nilikubali hasara hiyo, kwani vitamini iliyobaki kwenye sahani haimfai mtu. Mwonjaji akaripoti: "Meno yanaongea kwa sauti ndogo." Mara nyingine tukaongeza maziwa kidogo mwishoni. "Yananong'ona." Brokoli na karoti hatukuzichemsha, tulizichoma kwenye oveni hadi kingo zikawa na rangi ya kahawia, na hapo utamu wake hujitokeza wenyewe. Karoti zilipita siku hiyohiyo. Brokoli aliiita mti ulioungua, akala shina, akaacha majani.

Kuhusu mara ngapi mtoto anahitaji kukutana na chakula kipya kabla ya kukikubali, tafiti nyingi hutaja kati ya mara 8 na 15. Wazazi wengi, na mimi nikiwamo, tunakata tamaa kwenye ya tatu au ya nne. Nikabandika karatasi kwenye friji, nikaandika "Spinachi", nikamwambia kila ikija mezani achore mstari, ale asile. Baada ya kuchora alitoa taarifa kwa neno moja. Mstari wa kwanza: "Bado." Wa pili: "Bado." Wa tano: "Bado, lakini inanukia." Wa nane alisema "bado kidogo" huku akitazama pembeni.

Wa kumi na moja ulitupotea kwa furaha. Alichukua jani, akatafuna, akameza. Dada yake akaruka kutoka kitini: "Amekula! Baba, amekula spinachi!" Akapiga makofi, akamkumbatia. Mdogo mtu akaweka uma chini, na jioni ile hakugusa kingine. Kesho yake tulikaa na dada mtu, tukakubaliana kwamba akila tena tutajifanya hatujaona. Alilichukua jukumu hilo kwa uzito wote. Mdogo wake akisogeza mkono tu karibu na spinachi, yeye alikuwa anaanza kuimba na kutazama dari.

Jambo lililotuliza meza yetu zaidi ya yote ni mgawanyo ulioelezwa na Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua kama atakula, na kiasi gani. Nilichelewa kuukubali, kwa sababu moyo wa mzazi hauoni raha sahani ikirudi jikoni imejaa. Lakini niliufuata. Kila jioni nahakikisha mezani kuna angalau kitu kimoja ambacho najua atakila, mkate au wali, vingine viko palepale, na sisemi neno. Tunda nalo nikaliweka mezani tangu mwanzo, lisiwe tena zawadi ya kumaliza mboga. Ukimwahidi mtoto embe baada ya spinachi, umeshamwambia wewe mwenyewe kwamba spinachi ni adhabu.

Kuna jaribio la zamani lililonipa moyo. Daktari wa watoto Clara Davis, wa Marekani, alichapisha mwaka 1928 matokeo ya kuwaacha watoto waliotoka kuachishwa ziwa wajichagulie wenyewe kutoka kwenye sinia la vyakula vya kawaida visivyotiwa sukari. Walichagua mambo ya ajabu, lakini walikua vizuri. Mmoja aliyekuwa na matege aliwekewa glasi ya mafuta ya ini la samaki, akawa anainywa apendavyo mpaka mifupa yake ikapona. Davis mwenyewe alieleza kwamba siri ilikuwa kwenye orodha: watu wazima ndio walioamua nini kiwe kwenye sinia. Sehemu hiyo ndiyo niliyoishika. Kazi yangu ni sinia.

Mstari wa kumi na nne ulichorwa Jumatano. Spinachi ilikuwa ile ya kukamuliwa, yenye kitunguu saumu na maziwa, na vitunguu saumu alivimenya yeye kwa kuviponda na kitako cha kikombe. Tulikuwa tunazungumza habari nyingine. Dada mtu akaanza kuimba ghafla, tena kwa nguvu, nikajua. Sikugeuka. Niliposimama kuondoa vyombo, upande wa kijani wa sahani ulikuwa mtupu. Yeye akaenda kwenye friji, akachora, akasimama akiitazama karatasi kwa muda.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Sawa."

Sasa ana miaka 5. Njegere bado anazipanga ukingoni, na zina karatasi yake. Ziko mstari wa sita. Hatuna haraka. Mwezi uliopita mjomba wake alikuja kula nasi, na mwonjaji akaona kuwa spinachi imesukumwa pembeni ya sahani ya mgeni.

"Mjomba, meno yanapiga kelele?"

Mjomba akacheka, akasema tangu utoto hajawahi kuipenda. Nikajiandaa kumwambia mtoto amwache mgeni ale kwa raha, lakini alikuwa ameshamwekea mjomba mkono begani.

"Si lazima ule," akamwambia kwa upole. "Iache tu hapo ikae."

Kisha akashuka kitini, akamwomba dada yake amwandikie "Mjomba" chini ya karatasi kwenye friji, na mbele ya jina akachora mstari mmoja.