Nimetafuta vipini kwenye magome
Jamani leo nimejichekesha mwenyewe 😂 Jana usiku nikasoma kuhusu likeni za vipini, ile jamii ya kuvumwani (kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja), kijiti chembamba cha milimita 1 au 2 hivi na kichwa juu, ukigusa unga wa spora (chembe za kuvu za kuzaliana) unabaki kidoleni, na zinapenda magome ya miti mizee na mbao zilizokauka upande ambao mvua haipigi. Basi asubuhi nikapanda kilima cha mawe huku mtaani Area D, Dodoma, na lenzi ya dogo, nachungulia kila mti, mama muuza karanga akaniuliza, "Mwanangu, umedondosha hela?" Vipini sikuona hata kimoja, ila kwenye mawe zile likeni bapa za kijivu na za chungwa zipo za kumwaga. Goti linauma hadi sasa hivi.