Siku moja katika taasisi ya utafiti wa sera Nairobi: asilimia ya nini?

Siku yenyewe ni Jumanne, wiki ya tatu ya Februari. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka Hazina ya Kitaifa iwasilishe Taarifa ya Sera ya Bajeti bungeni kufikia Februari 15, kisha Bunge lina siku 14 za kuijadili. Serikali za kaunti nazo zina hadi Februari 28 kupeleka waraka wao wa mikakati ya fedha kwa mabunge yao. Taasisi ya sera iliyo ndani ya chuo kikuu huishi kwa kalenda hiyo, hata kama nusu ya watafiti wake ni wahadhiri wenye mitihani ya kusahihisha. Ukichelewa siku tatu, kazi ya miaka miwili inabaki kusomwa na wanafunzi wa uzamili peke yao.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Magari yakianza kujaa Thika Road, mwenye zamu ya data ameshafungua kompyuta, mara nyingi akiwa bado kwake. Utafiti ulioko nyanjani ni wa matumizi ya kaya katika mitaa ya kupanga: wahoji 12, mahojiano manne kwa kila mmoja kwa siku. Zinatarajiwa fomu 48. Zikifika 45, kwa kawaida zile tatu zimejazwa zote ila hazijatumwa, bando iliisha.

Programu ya ukaguzi inatazama namba za kaya zilizojirudia, muda wa mahojiano, mahali yalipofanyikia na wingi wa majibu ya "sijui". Hojaji hii huchukua kama dakika 50, kwa hiyo iliyokwisha chini ya dakika 25 inawekewa alama. Kuwekewa alama si kushtakiwa: anayeishi peke yake anaruka ukurasa mzima wa wanakaya, kwa hiyo muda hulinganishwa na idadi ya watu waliomo. Alama ya GPS nayo haisaidii sana kwenye majumba ya ghorofa saba au nane, kwani haijui ghorofa ya pili na ya sita. Tunategemea namba iliyoandikwa kwa chaki mlangoni wakati wa kuorodhesha.

Udanganyifu ulio mgumu kuunasa si wa mhoji aliyekaa kibandani akajaza fomu za uongo. Huyo hugunduliwa upesi, maana asilimia 10 ya kaya hupigiwa simu tena na mtu mwingine. Mgumu ni huu: kila hojaji ina maswali ya mlangoni. "Kuna mtu hapa aliyeugua wiki nne zilizopita?" Ukijibu "ndiyo" yanafunguka maswali mengine 15. Kufikia wiki ya pili wahoji wameshalijua hilo, na bila hata kukusudia swali linaanza kuulizwa kwa sauti inayotafuta "hapana". Kwa hiyo kila asubuhi tunachora kiwango cha "ndiyo" cha kila mhoji, wiki ya kwanza dhidi ya ya pili. Ukiona mmoja ameshuka peke yake ilhali wenzake kwenye mtaa uleule wako palepale, msimamizi anakwenda kukaa naye mahojiano mawili.

Saa mbili

Simu za wasimamizi. Leo timu iko Pipeline, Embakasi, na swali la kwanza ni lile la kila utafiti wa Nairobi.

"Daktari, huyu kijana anaishi peke yake, hana hata jiko. Anakula kwa kibanda cha mama hapo chini. Nimuandike?"

"Muandike. Ni kaya ya mtu mmoja. Chakula cha kibandani kiingie kwenye sehemu ya vyakula vya nje, usikipeleke kwenye vya nyumbani."

"Na hawa wawili wa bedsita moja, kila mtu na sufuria yake?"

"Hao ni kaya mbili."

Fasili inayotumiwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, inahesabu kaya kwa watu wanaoishi boma au jengo moja, wanaopika pamoja na kumtambua mkuu mmoja. Kijijini mara nyingi inatosha. Pipeline mhoji mwenye haraka anaweza kumruka asiyepika kwa kudhani si kaya. Ukiwaruka wapangaji kama hao, wastani wa watu kwa kaya unapanda, matumizi kwa kila mtu yanashuka, na mtaa unaonekana maskini kuliko ulivyo. Hakuna hesabu ya baadaye itakayowarudisha, kwa sababu hawamo kwenye data kabisa.

Jambo la pili ni vipimo. Mafuta ya kupikia huku hununuliwa ya kupima, ya shilingi 20 au 30. Sukuma wiki kwa fungu. Mahindi na maharagwe kwa gorogoro, bati la kama kilo mbili. Ukimuuliza mama alitumia lita ngapi za mafuta siku saba zilizopita, atakupa jibu la heshima ambalo halina maana. Tunauliza shilingi, kisha msimamizi ananunua sampuli tatu kwenye vibanda tofauti vya eneo hilohilo na kuzipima kwa mizani ya dijitali. Lazima zinunuliwe mtaani humo na wiki hiyohiyo, kwani bei ikipanda wenye vibanda hupunguza fungu, ile shilingi 20 hawaigusi.

Saa tatu na nusu

Meza ya bajeti. Nyaraka za kaunti nyingi hufika kama picha zilizopigwa kwa skana, na programu ya kusoma maandishi hukosea kwa namna zinazotabirika: kistari cha "hakuna" kinakuwa sifuri au kinapotea na kusogeza safu nzima, mabano ya hasi yanafutika, na jedwali lililoandikwa kwa maelfu linakaa kando ya lililoandikwa kwa shilingi kamili. Dawa ni moja: jumlisha upya. Programu zote za idara lazima zifike jumla ya idara, na idara zote zifike jumla ya kaunti. Zisipofika, usiguse kitu kingine. Mara nyingine kosa si la skana hata kidogo, ni la waliochapa, na hilo linaandikiwa maelezo ya chini; halirekebishwi kimyakimya.

Halafu inakuja hesabu inayopendwa na magazeti: kaunti imetumia asilimia ngapi ya fedha zake? Chukua mfano wa kubuni. Idara ya afya imetengewa shilingi milioni 400 za maendeleo. Fedha zilizoifikia hadi mwisho wa mwaka ni milioni 260. Imetumia 240. Ukigawanya kwa bajeti unapata asilimia 60, na kichwa cha habari ni uzembe wa kaunti. Ukigawanya kwa fedha zilizofika unapata 92, na lawama inahamia kwa waliochelewesha. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini asilimia isiyosema ni ya nini ni silaha ya yeyote atakayeiokota. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti hutoa pande zote, fedha zilizoidhinishwa kutolewa na zilizotumika, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuandika moja tu.

Hata hapo kuna mtego. Fedha zilizofika wiki ya mwisho ya Juni, mwaka wa fedha ukifungwa tarehe 30, hazikuwa na nafasi ya kutumika kwa kufuata taratibu za ununuzi. Tunataka tarehe za kila mwezi. Zisipochapishwa, tunaomba kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu na inaweza kuongeza 14 mara moja. Barua ya kuomba taarifa zitakazotumika Februari basi huandikwa mapema Januari, wakati watu bado wanarudi kutoka ushago.

Saa tano

Prof anapita na rasimu yenye mstari mmoja uliopigwa wino mwekundu: "kaunti hupokea zaidi ya asilimia 25 ya mapato ya taifa". Mstari huu hutokea kila Februari, Mswada wa Ugavi wa Mapato, ule wa kugawa mapato kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, unapokuja pamoja na Taarifa ya Sera ya Bajeti, Bunge la Kitaifa na Seneti zikianza kuvutana.

Kifungu cha 203 cha Katiba kinasema mgao wa kaunti zote 47 usipungue asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa, ila mapato hayo ni ya hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Uidhinishaji huchelewa. Mgao wa mwaka wa fedha 2021/22 ulikuwa shilingi bilioni 370, ukatajwa kuwa asilimia 27.3, lakini ya mapato ya 2016/17 yaliyokuwa takriban bilioni 1,357.7. Mgao wa leo juu ya mapato ya miaka mitano nyuma: asilimia lazima ivimbe. Kisheria ni halali. Kama maelezo ya kaunti zinapata nini leo, inapotosha. Mstari unaandikwa upya na mwaka wa mapato unatajwa ndani ya sentensi yenyewe, maana maelezo ya chini ya ukurasa hayasomwi na mtu redioni.

Saa saba

Chakula, na masurufu. Stakabadhi za nauli na muda wa maongezi wa wiki iliyopita zinarudishwa uhasibu, kwani asiyefunga masurufu ya kwanza hapewi ya pili, na wahoji hulipwa Ijumaa kwa M-Pesa.

Saa nane

Pendekezo jipya la utafiti liko mezani, na limeandikwa "sampuli ya watu 384" kama wanavyoandika wote. Namba hiyo inatokana na 1.96 kwa kipeo cha pili, mara 0.25, gawanya kwa 0.05 kwa kipeo cha pili, na inafaa pale tu unapochagua watu mmojammoja kutoka orodha kamili. Sisi huchagua klasta kwanza, yaani vieneo vidogo vya kaya zilizo jirani, kisha kaya ndani yake, na majirani hufanana. Kwa kiwango cha kufanana cha 0.05 na kaya 10 kwa klasta, athari ya muundo, yaani mara ngapi sampuli iongezwe kwa sababu ya kufanana huko, ni 1 + 9 × 0.05, yaani 1.45. Sampuli inapanda hadi 557. Ukitarajia asilimia 10 wakatae au wasipatikane, 619, klasta 62. Ukichukua kaya 20 kwa klasta, athari ni 1.95, na unahitaji 832 katika klasta 42.

Klasta nyingi zinamaanisha siku nyingi za kuorodhesha. Klasta chache, mahojiano mengi. Nairobi, ambako nauli kati ya mtaa na mtaa ni ya matatu, 62 ndiyo nafuu. Turkana ungefikiri upya. Pendekezo linarudi kwa mwenyewe, pamoja na ukumbusho wa mpangilio wa vibali: kwanza kamati ya maadili, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI (Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), kisha ofisi za kaunti, chifu, na mwisho mtunza ploti, ambaye asipokubali vibali vingine vyote ni karatasi. Majina na namba za simu zikae faili tofauti na majibu, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotulazimu kuwa waangalifu.

Saa tisa na nusu

Maoni kwa kamati ya Bunge. Bunge la Kitaifa liko kikaoni alasiri hii, karani wa kamati anataka maandishi kufikia kesho saa sita mchana, nasi tukifika mbele yao tutapewa dakika kumi au chini. Hapa watafiti wengi huharibu, kwa kupeleka ripoti ya kurasa 40. Kamati inafanya kazi na jedwali: safu ya kwanza kifungu au aya husika, ya pili maneno kamili unayotaka yawekwe, ya tatu sababu kwa sentensi mbili au tatu. "Serikali iimarishe uwajibikaji" haliwezi kupigiwa kura. "Hazina ichapishe tarehe na kiasi cha kila malipo kwa kaunti ndani ya siku saba" linaweza, hata kama litakataliwa.

Ukurasa wa kwanza unamhutubia Karani wa Bunge la Kitaifa. Ndani ni "Mheshimiwa Mwenyekiti". Mapendekezo ni manne tu. Yakizidi hapo, kamati huchukua lililo rahisi na kuliacha lile ulilolijia.

Saa kumi na moja jioni

Kabla maoni hayo hayajatoka, mtu asiyehusika anapewa data ghafi na programu, bila maelezo ya mdomo, azalishe upya kila namba iliyomo. Leo mbili hazikutoka. Moja ilikuwa ya kuondoa desimali, 61.5 iliyoandikwa 61 mahali pamoja na 62 pengine. Ya pili ilikuwa ya matumizi kwa kila mkazi: mmoja alitumia idadi ya sensa ya 2019, mwingine makadirio ya mwaka huu. Jedwali zima linahamishiwa kwenye makadirio, na chini yake inaandikwa hivyo. Ikichukua hadi saa moja usiku, basi ni hivyo.

Ujumbe wa mwisho ni wa wasimamizi wa Pipeline: kesho timu ianze saa sita mchana, imalize saa mbili usiku wakitembea wawiliwawili. Kaya tisa za leo zilikuwa zimefungwa kufuli, na wapangaji hawa hawaonekani mchana.