Maharagwe ya Nairobi

Mwaka wangu wa kwanza Nairobi nilimnung'unikia sana mama anayeniuzia maharagwe. Mombasa yalikuwa yakiiva kabla ya adhuhuri. Huku gesi inaisha, maji yanatokota kwa kelele, na punje ukiibonyeza kwa kidole bado ina kiini kigumu. Nikapiga simu nyumbani. Mama akasema niyaloweke usiku kucha. Nikayaloweka. Yakapunguza ukaidi kidogo, basi.

Jana binti yangu kauliza, "Baba, si maji yakichemka huwa nyuzi 100?" Tukatumbukiza kipimajoto cha maabara sufuriani. 94!

Kumbe maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa inayoyakandamiza. Pwani, hewa yote imetulalia. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu, kwa hiyo maji huchemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Ukikoleza jiko yanakauka haraka tu, joto halipandi. Sufuria ya presha hufungia mvuke ndani, ukandamizaji ukaongezeka, maji yakapita hata 100.

Mama wa maharagwe, niwie radhi. Kesho nachukua kilo mbili.