Rubani aliyefukuza ukungu
Nimesoma habari za Patrick Brady, rubani wa helikopta za majeruhi wa jeshi la Marekani vitani Vietnam, na usingizi umenipaa kabisa.

Tarehe 6 Januari 1968, karibu na Chu Lai, askari wawili wa Vietnam Kusini walikuwa wamejeruhiwa vibaya kwenye eneo la adui, na ukungu umetanda kote. Brady akajitolea. Akashuka polepole akifuata njia ya bondeni, akaigeuza helikopta ubavuubavu ili upepo wa mapanga yake uufukuze ukungu apate kuona. Jamani, ubavuubavu, bondeni, mbele ya bunduki! Akawapata, akawatoa.

Kisha akaitwa kwingine: majeruhi wamelala mita 50 tu kutoka kwa adui, na helikopta mbili zimeshatunguliwa hapohapo. Akaenda mara nne mpaka akawatoa wote. Siku hiyo alitumia helikopta tatu, wakaokolewa watu 51.

Alipewa nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani, na alistahili. Ila mimi nawawaza pia wahudumu waliokuwa naye. Siku hiyohiyo, walipotua kwenye uwanja wa mabomu ya ardhini, bomu moja lililipuka karibu na helikopta, wawili wao wakaumia, na bado majeruhi sita wakapakiwa na kufikishwa kwenye matibabu.