Sungura wa pambizoni: nilivyojifunza kutafuta picha na kuzitengenezea kijarida

Picha ninazozipenda kuliko zote sikuzipata kwa kuzitafuta. Zilikuwa kando ya kitu kingine. Chukua hati ya sheria za Kanisa ya karne ya 14 iliyoko British Library, inayojulikana kama Smithfield Decretals. Ndani yake mna amri za Papa Gregory IX kwa Kilatini, safu baada ya safu. Lakini chini ya maandishi, ukurasa baada ya ukurasa, kuna sungura, na sungura hao wamechoka kuwindwa. Wanamvizia mwindaji, wanampiga mshale, wanamfunga kamba, wanampeleka kwa hakimu ambaye naye ni sungura, kisha wanamkata kichwa. Zamu ya mbwa wake nayo inafika: anashtakiwa, ananyongwa.

Mtu anayetaka sungura hatumwi kwenye sheria za Kanisa. Katalogi huandika jina la mwandishi, mwaka, lugha na somo la kitabu, na somo la kitabu hiki ni sheria. Nilipolielewa hilo nilibadili namna yangu ya kutafuta: nikaanza kuwaangalia majirani wa kitu. Nikifungua ukurasa niliouhitaji, nafungua na uliotangulia na unaofuata. Nikipata picha moja, nauliza imetoka kwenye boksi gani, nani aliikusanya, na mle ndani kuna nini kingine.

Wazo hili lina wakubwa wake. Aby Warburg, msomi wa historia ya sanaa wa Hamburg, aliipanga maktaba yake kwa kanuni aliyoiita ya jirani mwema: kitabu unachokihitaji hasa ni kile kilicho karibu na ulichokijia. Miaka yake ya mwisho aliitumia kubandika picha kwenye mbao zilizofunikwa kitambaa cheusi, mungu wa Kigiriki karibu na stempu ya posta, mchoro wa kale karibu na tangazo la gazetini, ili picha zenyewe zizungumze. Alifariki mwaka 1929 kazi haijakamilika, na mwaka 1933 maktaba yake ikahamishiwa London ili kuiepusha na utawala wa Wanazi. Rick na Megan Prelinger nao walifungua maktaba yao San Francisco mwaka 2004, na rafu zake zinaanza na mji wenyewe na kuishia anga za juu. Kupita kando ya rafu za namna hiyo tayari ni kusoma.

Hifadhi za nyaraka zinamfaa sana mtu wa tabia hii, maana wahifadhi hujitahidi kuacha karatasi katika mpangilio aliouacha mwenyewe. Barua ya kazi inaweza kulala juu ya tiketi ya sarakasi kwa sababu tu mwenyewe aliziweka pamoja. Ukikimbilia barua, tiketi huioni. Siku hizi nikiomba boksi nalipitia lote, hata kama nilichokifuata kiko juu kabisa.

Mahali pengine paliponifundisha ni mkusanyiko wa picha wa New York Public Library, ulioanzishwa mwaka 1915. Una picha zaidi ya milioni moja, nyingi zimekatwa kwenye vitabu na magazeti na kuwekwa kwenye majalada kwa mada, na mada zinapita 12,000. Romana Javitz aliuongoza kuanzia mwaka 1929 hadi 1968, na wasanii kama Joseph Cornell na Andy Warhol waliutumia. Ninachokipenda ni kwamba hakuna cheo mle. Mchoro wa fundi asiyejulikana unakaa jalada moja na kazi ya bwana mkubwa, mradi vyote viwili vinaonyesha kitu kilekile.

Nikiwa nyumbani, chakula changu cha jioni nyingi kimekuwa picha ambazo British Library iliziweka kwenye Flickr, tovuti ya kuwekea picha, Desemba 2013, zaidi ya milioni moja. Programu ya kompyuta ilizikata kutoka kwenye kurasa za vitabu vya karne ya 17 hadi ya 19 vilivyokuwa vimeskaniwa. Kompyuta ilijua kitabu na ukurasa, haikujua picha inaonyesha nini. Kwa hiyo unaingia bila ramani: herufi kubwa iliyozungushiwa majani, mashine ya mvuke, mlima, pua ya mtu fulani, pambo la mwisho wa sura. Mimi huingia na swali moja dogo, kwa mfano mikono inayoonyesha kidole, na kulifuata mpaka macho yachoke. Swali likiwa kubwa, nachoka kabla ya kuona chochote.

Na mkutubi ni hazina kuliko katalogi. Nilizoea kuuliza, “Mna nini kuhusu jambo hili?” Siku hizi nauliza, “Ni boksi gani unalolipenda ambalo watu hawaliombi?” Nimeona nyuso zikibadilika kwa swali hilo. Mtu aliyekuwa amekaa anasimama, anakwenda nyuma, na anarudi na lebo za viberiti, sampuli za karatasi za ukutani, au daftari la mwanafunzi lililojaa michoro pembeni ya hesabu. Kanuni za chumba cha kusomea ni rahisi: penseli, si kalamu ya wino, mikono safi na mikavu kwa karatasi, glavu kwa picha za kamera. Heshimu hayo na milango mingi itafunguka.

Baada ya muda daftari langu lilijaa, nikataka wengine waone. Hapo ndipo nilipoingia kwenye vijarida vya kujichapishia, ambavyo wenyewe huviita zine. Vina historia ndefu. The Comet, kinachotajwa mara nyingi kuwa cha kwanza cha mashabiki wa hadithi za kisayansi, kilitoka Marekani mwaka 1930. Mwaka 1976 Mark Perry wa London alianza Sniffin’ Glue kuhusu muziki wa panki, kwa taipureta na kalamu nene. Leo vijarida hivyo navyo vimehifadhiwa: maktaba ya Barnard College, New York, ilianza kuvikusanya mwaka 2003. Mimi hurudi nyuma zaidi, kwa Anna Atkins wa Uingereza, ambaye mwaka 1843 alianza kutoa kitabu cha mwani kwa picha za bluu za mwanga wa jua, maandishi yote kwa mwandiko wake, akawagawia marafiki na wanasayansi. Huyo namhesabu bibi yetu sote tunaotengeneza vijarida.

Umbo nililolichagua ni karatasi moja. Unaikunja mara tatu upate miraba 8, unaifungua, unakata mstari mmoja katikati, unaikunja upya, nayo inakuwa kitabu cha kurasa 8 bila pini wala gundi. Kabla ya kukata, panga kurasa: safu ya juu hukaa kichwa chini. Acha pambizo ya milimita 5 hivi, kwa kuwa mashine nyingi za fotokopi hazifiki ukingoni.

Jambo la picha lilinichukua muda kuliko yote. Michoro iliyochongwa kwenye mbao katika karne ya 19 hutoka vizuri ajabu kwenye fotokopi, kwa sababu imeundwa kwa mistari mitupu, nyeusi na nyeupe. Sungura wangu walipakwa rangi, na rangi ikipita kwenye mashine hugeuka kijivu kizito. Nikaamua kuwachora upya: naweka karatasi nyembamba juu ya nakala, naibandika kwenye kioo cha dirisha, nafuatisha kwa wino mweusi. Kazi hiyo ya polepole ilinionyesha vitu ambavyo kutazama tu hakukunionyesha: sungura ameushika upinde barabara kama mtu aliyefundishwa, masikio yamelala nyuma kwa bidii, na mwindaji aliyefungwa anamtazama usoni. Mchoraji yule aliujua upinde, na aliwajua sungura.

Chini ya kila mchoro niliandika jina la maktaba, namba ya hati na namba ya karatasi yake. Kwa sungura ni Royal MS 10 E IV. Hili nalishikilia sana, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayompa msomaji njia ya kwenda kuangalia mwenyewe, na akifika atakuta majirani nisiowaona mimi. Masharti ya matumizi nayo huyasoma kila mara, kwani kazi inaweza kuwa mali ya umma huku maktaba ikiwa na utaratibu wake kuhusu nakala iliyoipiga.

Kijarida ninachokiandaa sasa ni cha vidole. Katika vitabu vilivyoskaniwa kwa wingi, mara mojamoja mkono wa mfanyakazi aliyekuwa akifunua kurasa unabaki pichani, umefunika nusu ya sentensi. Watu hao ndio waliotufikishia vitabu hivyo na majina yao hayapo popote kwenye katalogi. Nawachora mmoja mmoja, na pembeni naandika kitabu na ukurasa walikokuwa wakifanya kazi.